Maji ya Sukari na Mimea: Mwongozo kwa Wahudumu wa Vitalu, Watunza Bustani na Wauza Maua

Mteja anafika kitaluni asubuhi, chungu cha waridi mkononi. Majani yamelegea, na kwenye ukingo wa chungu sisimizi wameshapanga mstari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Limepatwa na nini hilo?"

"Linakufa. Nalimwagilia maji ya sukari, leo siku ya nne, na bado linanyauka tu."

Ukimuuliza kwa nini alichagua sukari, jibu lake si la kupuuzwa. Mtu akidhoofika hospitali hutundikiwa dripu ya glukosi. Mtoto akiharisha hupewa maji yenye sukari na chumvi, na jioni anacheza. Kwa nini basi waridi lisiinuke?

Mwongozo huu umeandikwa kwa wanaoulizwa swali hilo: wahudumu wa vitalu, watunza bustani za ofisi na hoteli, wakulima wa mboga wanaootesha miche kwenye trei, na wauza maua ya kukatwa. Msimamo wake ni huu: mmea wenye mizizi udongoni haumwagiliwi maji ya sukari, uwe mzima au mgonjwa. Zipo sehemu tatu ambazo sukari inafanya kazi kweli, nazo ni ndoo ya maua yaliyokatwa, chupa ya maabara na lundo la mbolea, na kila moja imepewa nafasi yake hapa chini. Popote unapoona sukari karibu na mmea, jiulize kwanza nani atakayewahi kuila.

Mmea hujipikia

Jani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, maji yanayopandishwa na mizizi, na hewa ukaa inayoingia kwenye vitundu vya jani. Sukari hiyo, sukrosi, ndiyo hiyohiyo tunayotia kwenye chai. Husafiri ndani ya mishipa ya mmea kutoka kwenye majani kwenda penye uhitaji: kwenye mizizi, machipukizi, ua na tunda. Muwa umejaliwa kuirundika shinani, ndiyo maana tukaugeuza kiwanda. Hata hivyo hakuna shamba la miwa, Kilombero wala Kagera, linalomwagiliwa sukari. Miwa hupewa maji, mbolea na jua, na utamu huujaza yenyewe.

Kwa hiyo kwa upande wa mizizi, safari ya sukari ni kutoka juu kwenda chini. Mizizi huipokea kutoka kwenye majani, na sehemu yake huiachia makusudi iingie kwenye udongo ili kulisha vijidudu vinavyoisaidia. Kuimimina sukari mizizini ni kupeleka dagaa Kigoma. Ni kweli kwamba mzizi unaweza kunyonya sukari kidogo, lakini hilo huonekana vizuri ndani ya chupa isiyo na kijidudu hata kimoja. Udongo wa kitalu chako si chupa hiyo.

Mfano wa dripu unaponza hapo. Dripu huingia kwenye mshipa wa damu, na maji ya sukari na chumvi hupita kwenye utumbo ulioumbwa kunyonya chakula. Mzizi umeumbwa kunyonya maji na madini yaliyoyeyuka. Mmea unaodhoofika kwa kawaida umekosa mwanga, maji, hewa kwenye mizizi, au madini kama naitrojeni na potasiamu. Sukari haina hata kimoja kati ya hivyo. Imeundwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni, na kilo nzima ya sukari nyeupe haina naitrojeni wala fosforasi ya kulisha jani moja la mchicha. Isitoshe, kwa kawaida kilo hiyo ni ghali kuliko kilo ya mbolea ya Urea.

Wanaowahi kula

Kijiko kimoja cha udongo wenye rutuba kina bakteria wasiohesabika, na wengi wao wamelala kwa njaa. Wanachokosa hasa ni chakula chepesi chenye kaboni. Ukimwaga maji ya sukari, unaipiga kengele ya chakula. Kwenye joto la kwetu wanaamka na kuzaana ndani ya saa chache, na baada ya siku kadhaa sehemu kubwa ya sukari imekwisha kabla mzizi haujaonja.

Kula huko kunatumia hewa. Chukua kijiko kimoja cha chakula cha sukari, gramu 12 hivi. Ikiteketezwa yote na vijidudu, inahitaji oksijeni iliyomo kwenye lita 50 za hewa. Chungu cha lita 5 chenye udongo mzuri kina hewa ya lita 1 hivi katikati ya chembe zake, na hiyo ndiyo hewa ambayo mizizi nayo inaivuta. Hewa mpya huingia kutoka juu, lakini kwenye udongo ulioloa huingia taratibu sana. Ndiyo sababu chungu kilichomwagiwa sukari siku nne mfululizo, ukikigeuza, hutoa harufu ya kitu kilichochacha, na ncha za mizizi huwa za kahawia na laini badala ya nyeupe. Mmea wa namna hiyo hunyauka juu ya udongo wenye maji tele. Mwenye mmea akiona umenyauka, anaongeza maji, tena ya sukari.

Hasara ya pili haionekani haraka. Bakteria hajengi mwili kwa sukari peke yake. Kwa kila gramu 8 hivi za kaboni anazoziweka mwilini anahitaji gramu 1 ya naitrojeni. Kwa kuwa sukari haina naitrojeni, anaikomba kutoka kwenye udongo, na katika kugombania mzizi hushindwa, kwa sababu bakteria ni wengi na wapo kila mahali. Hesabu ya haraka: mtu anayetia kijiko kimoja cha chakula kila siku kwa mwezi ameweka gramu 360 za sukari. Vijidudu wangehitaji kama gramu 7 za naitrojeni kuimaliza, yaani naitrojeni ya zaidi ya gramu 25 za mbolea ya CAN. Chungu kimoja hakina akiba hiyo. Wanachukua kilichopo, na majani ya chini ya mmea yanaanza kugeuka manjano. Naitrojeni hiyo haijapotea moja kwa moja, hurudi vijidudu wanapokufa, lakini hurudi baada ya wiki nyingi, na mche wa nyanya hauna wiki za kusubiri.

Nguvu hii ya sukari ya kufukarisha udongo imewahi kutumiwa kwa makusudi. Nchini Australia, watafiti wanaorudisha nyasi za asili kwenye malisho ya zamani wamemwaga sukari ardhini ili kuipunguza naitrojeni na kuyadhoofisha magugu ya msimu yanayoipenda. Sukari hapo ilikuwa silaha dhidi ya magugu, na mche wako hauna tofauti na gugu mbele yake.

Kiu katikati ya maji

Maji ya sukari huwa na mvutano wake. Kadiri sukari inavyozidi, ndivyo maji yanavyokataa kuingia kwenye mzizi, kama vile chumvi inavyonyonya maji kwenye samaki. Mvutano huu hupimwa kwa baa. Ili upate picha, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 hivi.

Udongo ulioloa vizuri huudai mzizi uvute kwa nguvu isiyofika hata baa 1. Kijiko kimoja cha chakula cha sukari ndani ya lita 1 ya maji huongeza karibu baa 1. Si balaa, lakini si bure. Nusu kikombe, gramu 100, huleta baa 7. Kikombe kizima, gramu 200, huleta baa 14 na nusu, na wataalamu wa udongo huhesabu kwamba kwenye baa 15 mimea mingi ya mazao hunyauka na haiinuki tena. Hesabu hizo ni za siku ya kumwagilia. Jua likishakausha nusu ya maji yale kabla vijidudu hawajaimaliza sukari, mvutano huongezeka maradufu.

Soda ndiyo mbaya zaidi, na wanaoitumia ni wengi kuliko wanavyokiri. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kola ina zaidi ya gramu 30 za sukari, tena ina ukali wa tindikali unaokaribia wa siki. Mabaki ya soda na juisi kwenye meza za hoteli na kumbi yasimwagwe kwenye vyungu vya mapambo. Watunza bustani waliopewa kazi kwenye kumbi za harusi wanajua mti wa pembeni mwa jukwaa hufa kila baada ya miezi michache. Kabla ya kulaumu kivuli, nusa udongo wake.

Wageni wasioalikwa

Sisimizi hufika wa kwanza, na wao wenyewe hawali mmea. Tatizo ni mifugo yao. Vidukari hunyonya utomvu na kutoa matone matamu, na sisimizi huwalinda dhidi ya wadudu rafiki ili waendelee kuyalamba. Chungu chenye sukari huwaita sisimizi, na sisimizi wakishazoea njia, vidukari na vidung'ata waliopo hupata walinzi. Ukinyunyizia sukari majani, matone yanayobaki huota ukungu mweusi kama masizi, unaozuia mwanga.

Kwenye trei za kuoteshea hatari ni kinyaushi. Fangasi wa kinyaushi hushambulia shingo ya mche mchanga pale unapogusana na udongo. Shingo hukonda kama uzi na mche hulala chini. Wanapenda unyevu, hewa nzito na chakula chepesi, na maji ya sukari ni hivyo vyote kwa pamoja. Trei ya miche 200 iliyolala kwa usiku mmoja ni hasara ambayo mwenye kitalu hataisahau. Kwa hiyo kitaluni kanuni iwe ngumu: keni iliyotumika kwa kitu chochote chenye sukari haiingii kwenye banda la miche kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Sukari ikiwa imeshamwagwa

Mmea wa kwenye chungu bado unaweza kuokolewa ukiwahi. Hakikisha matundu ya chini hayajaziba. Ingiza kijiti uone. Uweke chungu juu ya matofali mawili ili maji yapite, kisha mimina maji safi polepole, mara mbili hadi tatu ya ujazo wa chungu. Kwa chungu cha lita 5, hiyo ni lita 10 hadi 15. Acha yachuruzike yote na usiache sahani ya maji chini. Kwangua sentimita 1 au 2 za juu kama kuna utando mweupe au utelezi, weka udongo mpya mkavu.

Baada ya hapo usimwagilie tena mpaka ukiingiza kidole sentimita 3 udongoni ukute pakavu. Mahali pawe na mwanga wa kutosha bila jua kali la adhuhuri. Ukiona jani jipya, kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili, upe mmea lishe nyepesi: kijiko cha chai cha CAN kilichoyeyushwa kwenye lita 5 za maji, au chai ya samadi iliyozimuliwa mpaka ifanane na chai ya rangi. Mbolea kabla ya jani jipya ni haraka isiyo na faida, kwa sababu mizizi iliyochoka haiwezi kuitumia.

Harufu ikiwa kali na mizizi mingi ikiwa ya kahawia, kusuuza hakutoshi. Toa mmea, kata mizizi iliyooza kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, punguza majani karibu theluthi, upande kwenye udongo mpya. Kwa trei za miche usisuuze kwa maji mengi, maana utaongeza unyevu unaolisha kinyaushi. Toa miche iliyolala pamoja na udongo wake, ipe trei hewa na mwanga, punguza umwagiliaji, na miche iliyo salama ihamishie kwenye viriba mapema.

Kabla ya dawa, pima

Mteja akija na mmea uliolegea, usimpe jibu kabla hujagusa udongo. Mkavu mpaka ndani: ulikuwa na kiu, maji matupu yanatosha. Umeloa na unanuka: mizizi imekosa hewa. Umeloa bila harufu na majani ya chini ni ya manjano: naitrojeni. Majani mapya ndiyo ya manjano huku mishipa ikibaki kijani: mara nyingi ni madini ya chuma, na mara nyingi chanzo ni maji ya chumvichumvi au ya magadi. Kisha geuza jani uangalie mgongo wake, maana wagonjwa wengi wanaoletwa kitaluni wana utitiri au nzi weupe, na hao hawatibiwi kwa lishe yoyote.

Kumwambia mteja kwamba sukari imemdhuru kunahitaji staha. Hasa akiwa mama mtu mzima aliyefundishwa na mama yake, usimkatize. "Mama, sukari ni chakula, hujakosea, ila chunguni wapo wengi wanaoiwahi kabla ya ua lako." Anayeelezwa hivyo anarudi kununua samadi.

Hapa nitatoka kidogo kwenye mstari. Watu wa pwani wana desturi ya kumwagia miche maji ya dafu, na wao wana hoja kuliko wenye sukari. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake walionyesha kwamba maji ya nazi husaidia kukuza viinitete vya mmea ndani ya chupa, na baadaye ikafahamika kwamba yana homoni za kuchochea seli kugawanyika, mbali na potasiamu nyingi. Hata hivyo yana sukari, na udongoni yanakutana na vijidudu walewale. Dafu linywewe.

Molasi na lundo la mbolea

Kuna mahali tunataka vijidudu wale washibe: kwenye mbolea kabla haijakutana na mmea. Molasi, lile tope jeusi linalobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa, ina sukari karibu nusu ya uzito wake pamoja na potasiamu na madini kidogo ambayo sukari nyeupe haina. Wafugaji wanaifahamu kwa sileji na chakula cha ng'ombe.

Kwenye bokashi, mchanganyiko wa samadi, pumba za mpunga, udongo, majivu au vumbi la mkaa na hamira, molasi iliyozimuliwa hunyunyizwa ili kuwasha moto wa vijidudu. Moto ni neno halisi. Siku ya pili ukiingiza mkono ndani ya lundo huwezi kuuacha humo, joto hufika nyuzi 50 na zaidi. Ndiyo maana lundo hugeuzwa kila siku, wakati mwingine mara mbili, na mbolea haitumiki mpaka ipoe na harufu ya kuchacha iishe. Huku naitrojeni ipo, imetoka kwenye samadi, kwa hiyo vijidudu hawaibii mmea wowote.

Njia nyingine, inayotumika Japani, Uholanzi na Marekani, ni kutia molasi iliyozimuliwa kwenye tuta tupu, kulilowesha mpaka lishibe, na kulifunika kwa plastiki isiyopitisha hewa kwa wiki kadhaa. Vijidudu wanaimaliza oksijeni yote, na tindikali zinazozalishwa gizani humo huua minyoo fundo na fangasi wengi wa mizizi. Ni kile kile kilicholidhoofisha waridi la mteja wetu, ila hapa tuta halina mmea. Ukifunua, acha tuta lipumue wiki moja au mbili kabla ya kupanda.

Miti mikubwa ni habari tofauti kidogo. Uingereza watafiti wa miti ya mijini wamewahi kudunga maji ya sukari kwenye udongo wa miti iliyokomaa na kuona mizizi midogo ikiongezeka. Mti wa miaka 20 una udongo mpana na akiba kubwa. Usilichukue hilo ukalihamishia kwenye kiriba.

Ndoo ya maua yaliyokatwa

Ua likikatwa limetengwa na kiwanda chake. Majani yaliyobaki ni machache, chumba ni cha giza, na chipukizi linahitaji nguvu ili lifunguke. Hapa sukari ina njia ya moja kwa moja: shina lililokatwa ni mrija ulio wazi, maji hupanda nayo mpaka kwenye petali. Wauza maua wa City Market, Nairobi, na wanaopokea mawaridi ya Naivasha wanajua tofauti ya ua lililokunywa vizuri na lililokunywa maji matupu.

Lakini swali letu linabaki lilelile: nani atakayewahi kuila? Kwenye ndoo ya maji matamu bakteria huwahi tena, na huziba mirija ya shina kwa utelezi wao, shingo ya waridi inainama na ua linakufa kwa kiu ndani ya maji. Kwa hiyo sukari haiwekwi peke yake. Kwa kila lita 1 ya maji safi:

Anza na robo kijiko cha chai cha dawa ya kung'arisha nguo ya Jik isiyo na manukato, koroga. Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha sukari, koroga mpaka iyeyuke. Malizia kwa kijiko cha chakula cha maji ya ndimu yaliyochujwa, kwa sababu maji yenye uchachu kidogo hupanda shinani kwa urahisi. Mpangilio huu ufuatwe. Jik isiyozimuliwa isikutane kamwe na ndimu au siki, maana hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Kiasi kilichotajwa kikiwa ndani ya lita nzima ya maji hakina tatizo.

Kata shina kwa kisu kikali, mshazari, sentimita 2 kutoka mwisho, na uliingize majini mara moja kabla hewa haijaingia. Toa majani yote yatakayokuwa chini ya maji. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, osha ndoo kwa brashi, kata shina upya. Maji yakiwa na ukungu kabla ya siku mbili, usisubiri.

Kiasi hutofautiana kwa ua. Waridi linatosheka na gramu 10 hadi 20 kwa lita, na likizidishiwa majani yake huungua pembeni. Gladioli lenye machipukizi mengi yaliyofungwa linaweza kupewa gramu 200 kwa lita, lakini kwa usiku mmoja tu, kisha lihamishiwe kwenye maji ya kawaida. Majani ya mapambo, kangaga na mengineyo yasiyo na ua, hayana kazi na sukari. Yapewe ndoo yao.

Miche ya chupa

Migomba ya tishu imeenea, na wahudumu wengi wa vitalu huipokea ikiwa bado kwenye chupa au imetoka tu. Ndani ya chupa hiyo mche umelelewa kwa sukari: chakula cha Toshio Murashige na Folke Skoog, kilichochapishwa mwaka 1962 na kinachotumika hadi leo, huwekewa kwa kawaida gramu 30 za sukari kwa lita. Inafanya kazi kwa sababu chupa imechemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121 na hakuna kijidudu kilichobaki. Fundi wa maabara akikosea, akaacha mbegu moja tu ya ukungu iingie, siku chache baadaye chupa nzima ni pamba ya kijani na mche umefunikwa.

Funzo la kazi kwako ni moja na ni la siku ya kwanza. Mche ukitoka kwenye chupa, mizizi yake imeshika utando kama jeli. Utando huo una sukari. Uoshe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kwa vidole, taratibu, mpaka mizizi isiteleze tena; badilisha maji mara mbili. Kipande cha jeli kinachobaki katikati ya mizizi ndicho mahali ukungu unapoanzia, na mche uliougharimia unaoza wiki ya pili ukadhani umekosa maji. Baada ya kuosha, panda kwenye udongo uliopoozwa baada ya kuchemshwa, funika kwa nailoni iliyo wazi kidogo chini ya neti ya kivuli, na uongeze hewa siku hadi siku.

Kwa asiyeamini

Bado watakuwepo wanaosema sukari iliwahi kumstawishia mtu ua lake. Usibishane nao, wape viriba. Chukua viriba 12 vya ukubwa mmoja, udongo mmoja uliochanganywa vizuri, mbegu za mchicha za pakiti moja. Miche ikiota, bakiza 3 kwa kila kiriba, iliyo sawa kwa urefu. Viriba 4 vipate maji matupu. 4 vipate maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha sukari kwa lita. 4 vichanganyiwe konzi moja ya samadi iliyooza na vimwagiliwe maji matupu. Vyote vipewe kiasi sawa, kwa kikombe kimoja, saa ileile. Kila siku badilisha nafasi za viriba ili pasiwe na kundi linalokaa juani zaidi.

Andika kwenye daftari kila siku ya tatu: urefu, rangi ya majani ya chini, sisimizi, harufu. Siku ya 21 tangu kuota, ng'oa yote, osha mizizi kwenye beseni, kung'uta maji, panga kila kundi kwenye gazeti lake na upime kwenye mizani ya jikoni. Mizizi ipime peke yake.